Nyigu Wako Bado Hajapata Jina

Mwanangu Mwanahamisi,

Habari za soksi za sufu, za kuficha pasipoti na za kutokula nyama usiyojua imechinjwaje, baba yako amekwisha kukupa, na kwa jinsi alivyo mtu wa maneno machache naona ametumia akiba yake ya mwaka mzima. Sitaongeza neno hapo. Umekwenda mtaa wa Observatory kumuaga rafiki yako, nyumba imetulia, na mimi nimekaa kwenye meza yako, mbele ya hadubini ambayo hujaifungasha bado. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Isome kabla hujamjibu profesa.

Ninakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitashinda. Hiyo ndiyo kasoro yangu, na mtaa wetu wa Rosettenville wote unaijua: nikifungua kinywa nashinda, hata pale ambapo sina haki ya kushinda. Kalamu inanichelewesha kidogo. Na tangu dua ya Jumamosi mimi nawe hatujazungumza kitu isipokuwa uzito wa mabegi.

Basi tuliweke jambo mezani kama lilivyo. Kwenye stoo ya chuo chako ulikuta boksi la wadudu lililoletwa zamani kutoka misitu ya kaskazini ya mbali, huko unakokwenda kesho, kwa ule utaratibu wa vyuo kubadilishana vielelezo. Ndani yake walikuwemo nyigu wachache wenye mistari ya njano, wamechomwa pini, wamepewa jina la nyigu wa kawaida. Wewe ukaona wekundu mgongoni mwao, karibu na kiuno. Ukaanza kushuku kwamba si wa kawaida. Kwamba ni yule nyigu wa kaskazini mwenye mkanda mwekundu, ambaye hata wataalamu wa huko humwona kwa nadra. Ukapiga picha, ukamwandikia profesa mmoja wa huko. Profesa akafurahi, akakutafutia nafasi ya kusoma kwake. Na wiki iliyopita ametuma makala fupi ambayo ameshaiandika, yenye jina lake na lako, inayosema kwamba nyigu huyo alipata kuishi mahali ambapo hajawahi kurekodiwa. Anataka idhini yako kabla hujapanda ndege. Wewe hutaki kuitoa. Unasema bado hujui.

Nami nilikuambia nini? Nilikuambia, "Idhinisha. Sisi hatukufika katika mji huu kwa kusema hatujui."

Kama yangeishia hapo, pengine tungeagana vizuri. Lakini Jumamosi watu walikuja kukuombea dua, sebule ikajaa, uwanja ukajaa, na mimi nikiona watu zaidi ya watano wamekaa kimya huwa nadhani wananisubiri niseme. Sheikh alipomaliza, kabla sinia za pilau hazijashuka, nikasimama. Nikasema mwanangu amemgundua nyigu ambaye Wazungu wenyewe wamempita msituni mwao bila kumwona. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijisikia kama niliyeshinda kesi.

Mama Furaha, jirani yetu msusi, Mkristo wa Bukavu aliyehudhuria dua zetu nyingi kuliko baadhi ya Waislamu ninaowajua, akakugeukia. Ulikuwa umeshika jagi la juisi.

"Ni kweli, Misi? Ni weye uliona huyo mududu wa kwanza?"

"Hapana, Mama Furaha. Bado sijui kama ndiye."

Vigelegele vikakatika kama redio iliyokatiwa umeme. Nikacheka, nikawaambia wageni, "Msimsikilize, anaona haya."

"Sioni haya, Mama. Sijui."

"Hujui! Umesomeshwa miaka yote hii uje kusema hujui mbele za watu?"

Baba yako akasema, "Mama Misi, pilau inapoa." Na Mama Furaha akamalizia: "Bon. Mutoto amesema hajue bado. Tumuache akule." Watu wakacheka, na safari hii walinicheka mimi. Nikagawa sahani kwa kelele kama vile ndizo zilizonikosea.

Mtu mwenye akili angelala, akaamka, akapoa. Mimi Jumatatu nilishika simu nikarekodi mazungumzo yangu ya kila wiki, yale yanayosambaa kwenye magrupu ya Watanzania, Wakongo, Warundi na Wakenya wa jiji hili, nikarudia yote, na mara hii nikalitaja jina lako kamili pamoja na la babu yako. Nilisema asiyetaka kuamini akamuulize profesa. Ulikuja jikoni ukachukua maji, ukanitazama, ukaondoka. Nimegombana na wenye nyumba, na wanasiasa, na masheikh wawili, na mhariri mmoja aliyenikata makala yangu katikati, na hakuna aliyeniweza. Mtazamo ule umeniweza.

Kwa hiyo leo nimekaa nikafikiri ni lini hasa nilianza kudhani kwamba kusema kwa nguvu na kujua ni kitu kimoja. Sijapata siku ya kwanza. Nimepata siku mbili ambazo zingetosha kunifunza, na hazikunifunza, maana zote mbili nilizigeuza hadithi za kuchekesha wageni.

Ya kwanza unaikumbuka, ulikuwa bado unavaa sare ya shule. Nilikuwa nimesoma mahali kuhusu nyigu wa Ulaya aliyeingia nchi hii na kuota mizizi upande wa Cape, anawaandama wadudu wa hapa na kujaza viota vyake ardhini. Unajua nilivyo. Nilimpenda adui yule tangu ukurasa wa kwanza. Nikaandika makala nikamwita mlowezi mwenye mabawa. Sasa nimemaliza, natoka nje kifua mbele, naangalia juu ya dirisha la jikoni, naona kiota kinaning'inia chini ya paa na nyigu wamekizunguka. Nikamwita baba yako alete ngazi na ndoo ya maji ya sabuni.

"Wamekukosea nini?" akaniuliza.

"Walowezi hao. Panda."

Akapanda, maskini wa Mungu. Uliporudi shule ukakuta kiota chini na nyigu wamelowa kwenye saruji. Ukamwokota mmoja ukamweka kiganjani.

"Mama, huyu ni wa hapahapa."

"Unajuaje? Umemuuliza?"

"Tazama kiuno chake, kirefu na chembamba. Na kiota chake kiko wazi, unaviona vyumba vyote kwa chini. Yule wa Cape hufunika chake chote kwa karatasi kama mpira." Kisha ukasema, taratibu kabisa, "Umemfukuza mwenyeji, Mama. Ukamwita mgeni."

Baba yako alikuwa bado juu ya ngazi. Alicheka mpaka akashika mfereji wa paa asianguke. Mimi, mwanamke wa Tanga ambaye nimeishi nusu ya maisha yangu nikiambiwa rudi kwenu, niliyewafundisha watu katika mji huu namna ya kumjibu mtu anayewaambia rudini kwenu, nilikuwa nimetoa amri ya kuvunja nyumba ya mwenye nchi kwa sababu nilitaka awepo mlowezi dirishani kwangu. Na nilikujibu nini? "Nyigu ni nyigu." Haya ndiyo maneno yaleyale tunayoambiwa sisi: Mtanzania, Mkongo, Mrundi, mgeni ni mgeni. Sikusahihisha makala. Haikuwa na kosa, nilijiambia. Ni kiota tu ndicho kilichokosewa.

Ya pili haikuwa ya kuchekesha, ingawa nimeisimulia hivyo mara nyingi. Ulikuwa mdogo zaidi, umekaa kiti cha nyuma. Tulisimama kwenye robot, taa za barabarani kama wanavyoziita hapa, wanaume wakaizunguka gari, wana fimbo. Ilikuwa ile wiki ya vurugu, maduka ya wageni yanavunjwa, na baba yako alikuwa ametoka kufunga duka lake la Diepsloot akiomba alikute bado lina mlango. Mmoja akaingiza mkono dirishani, akamgusa baba yako kiwiko, akamuuliza kwa Kizulu hiki kinaitwaje, maana ndivyo walivyowachuja wageni. Baba yako anajua Kizulu cha dukani: mkate, sukari, chenji, airtime. Nani hununua kiwiko? Akanyamaza. Mimi nikafungua kinywa niwatukane, nakiri kwamba matusi ndiyo niliyokuwa nayo tayari. Wewe ukatangulia. Ukalitaja lile neno, kwa sauti yako ya mtoto wa mtaani, mtoto aliyezaliwa hapa, kisha ukawauliza kama na magoti pia wanayataka. Yule mwanaume akacheka. "Sharp, sisi," akasema, yaani safi, dada, akaipiga gari bati kwa kiganja, tukapita.

Nilisimulia kwa majivuno: mwanangu kawashinda. Lakini jioni ile uliniuliza swali moja ukiwa unapiga mswaki. "Kama nisingekuwepo?" Nikakwambia tumeshapita, lala.

Nimelielewa swali hilo miaka mingi baadaye, siku uliponionyesha jinsi mdudu anavyotambuliwa. Ulisema kuna kitu mnaita ufunguo. Ni maswali yaliyopangwa mawili mawili: je, ni hivi au ni vile? Ukijibu hivi, unapelekwa swali jingine. Ukijibu vile, unapelekwa kwingine. Mpaka ufike kwenye jina. Na ulisema ufunguo mzuri hautegemei alama moja, maana alama moja inaweza kuwa imefifia, imevunjika, au imefanana na ya jirani. Pale ndipo nilipowaona tena wanaume wa robot. Walikuwa na ufunguo wa swali moja. Nikataka kukimbilia simu kurekodi. Ukanishika mkono, ukasema, "Mama, nisikilize kwanza mpaka mwisho." Sikukusikiliza mpaka mwisho. Nilirekodi. Yalikuwa mazungumzo mazuri sana, watu walinipongeza mpaka Durban. Na mwisho wa ulichotaka kuniambia sikuusikia, kumbe ulikuwa unanihusu mimi.

Kwa hiyo leo nautafuta mwisho huo mwenyewe, kwa kukumbuka.

Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini mtoto wa Rosettenville apende mdudu ambaye hajawahi kumwona akiruka. Ulinieleza jikoni, kipande kwa kipande, mimi nikikaanga samaki. Malkia hulala peke yake majira yote ya baridi, chini ya gome la mti au ndani ya gogo lililooza, na wenzake wote wa msimu uliopita wamekufa. Theluji ikiyeyuka huamka, akatafuta shimo, akakwangua mbao kwa taya zake, akatafuna, akatengeneza karatasi, akajenga vyumba vichache, akataga, akawinda, akalisha mabuu. Yote hayo mwenyewe. Mabinti wa kwanza wakishakomaa ndio wanaochukua kazi ya nje, naye hatoki tena. Na huyu wa kwako, ulisema, ni wa ukoo wenye viota vidogo. Si wale wanaovamia meza za watu na kuogelea kwenye soda zao. Ukoo huu huwinda wadudu walio hai, inzi na viwavi, huko porini, hawana haja na mabaki ya mtu. Msimu wao ni mfupi. Majirani zao bado wanapanua viota, wao wamekwisha kulea malkia wapya na madume, na kiota kinazimika.

"Kwa hiyo wamebaki wachache?" nilikuuliza.

"Hatujui kama ni wachache. Huenda ni kwamba hawakai mahali watu wanapokaa, na msimu wao unaisha kabla watu hawajatazama."

Nikasema, "Kama sisi."

Ukaweka kisu chini. "Mama, nyigu si mfano wa kitu. Ni nyigu."

Nimeyashika maneno hayo, na ujue yananigharimu. Malkia peke yake, baridi, nchi ngeni, mabinti: ningepata mazungumzo ya Jumatatu ya mwezi mzima hapo. Nimemwacha awe nyigu.

Halafu ulifika kwenye utambuzi wenyewe. Kwanza mtu hutazama nafasi kati ya sehemu ya chini ya jicho na mzizi wa taya. Ikiwa ndefu, ni kundi lile jingine, lile linalopenda kuning'iniza viota mitini. Ikiwa fupi, jicho linakaribia kugusa taya, uko kwenye kundi lako, endelea. Kisha mchoro mweusi usoni. Kisha mistari ya mgongoni, upana wake, mipaka yake. Mimi nikadakia, "Na wekundu! Si umeuona wekundu?"

"Wekundu ndio unaonitia wasiwasi," ukasema. "Jamaa zake wa karibu nao wana wekundu. Mmoja anao mwingi, mwingine kidogo, malkia na mtendakazi wa kiota kimoja wanaweza kutofautiana. Na hawa wamekaa kwenye boksi miaka mingi, sijui rangi yao ilikuwaje walipokamatwa. Na kikaratasi kinachotaja mahali kimefifia. Na wote ni majike. Ningempata dume mmoja tu, ningekuwa na la kusema. Viungo vya uzazi vya dume havibabaishi kama rangi."

Hivyo ndivyo ulivyosema, na mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba uliona wekundu.

Sasa nikuambie nilichofanya leo. Usishtuke, sikumgusa. Uliacha nyigu mmoja chini ya hadubini, mmoja wa wale ambao chuo kimekuruhusu kuwapeleka kaskazini. Baada ya Alasiri nilikuja chumbani kwako kutafuta mkanda wa kufungia begi, nikamwona, nikakaa, nikainamisha jicho. Mwanangu, sikujua. Miaka yote hii nakusikia na sikujua kwamba nyigu ana manyoya, kwamba taya zake zinapishana kama mkasi, kwamba ule mstari ninaouita njano una ukingo uliochongoka kama pwani kwenye ramani. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya kitu chochote bila kukijibu.

Kisha nikakumbuka ulichosema kuhusu dume. Ulinifundisha kwamba jike ana pingili kumi na mbili kwenye kipapasio na dume ana kumi na tatu. Nikaanza kuhesabu, polepole, kutoka kichwani kwenda nje, na nikapata kumi na tatu. Moyo ulinipiga. Nikahesabu tena: kumi na tatu. Dume! Yeye, mwanangu mwenye macho, kampita dume! Nilikuwa nimeshaishika simu nikupigie Observatory. Nilikuwa hata nimeshaipanga sentensi ya kwanza, na ilikuwa nzuri.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Nilitaka nikwambie ni kipapasio kipi, cha kulia au cha kushoto, ili usiwe na la kunikosoa. Nikarudi kutazama, nikahesabu kile kingine. Kumi na mbili. Nikarudi kwenye kile cha kwanza, safari hii nikiwa na ncha ya penseli karatasini, alama moja kwa kila pingili. Kumi na mbili. Nilikuwa naanza kuhesabu tangu kile kitako kidogo ambamo kipapasio kimechomekwa, na hicho si pingili. Nilipata kumi na tatu kwa sababu nilitaka kumi na tatu. Hakuna aliyenidanganya. Nyigu alikuwa palepale, hajasogea, amekuwa jike tangu azaliwe, na macho yangu mwenyewe yalimgeuza dume kwa ajili ya ushindi wangu.

Nikakumbuka jinsi ulivyosimama na jagi la juisi. Wewe ulikuwa umeshahesabu, tena si vipapasio tu, na ulikuwa na kila sababu ya kutaka: nafasi ya masomo, vigelegele, mama yako amesimama mbele ya watu. Na ukasema hujui. Mimi nimekuwa nikijiita mpiganaji tangu kabla hujazaliwa, na sidhani kama nimewahi kufanya jambo lenye ubishi kama lile.

Kwa hiyo ninayafuta maneno yangu. Usiidhinishe makala ya profesa. Simwiti mtu mbaya. Barua zake ulizonisomea ni za mtu anayependa kazi yake, na huenda na yeye amehesabu kumi na tatu. Mwandikie kwa adabu. Mwambie unachokijua, mwambie usichokijua, mwambie ungependa kuwaweka nyigu hawa kando ya wale walio kwenye makusanyo yao, wenye majina yasiyo na shaka, na kuwatafuta madume kabla jina halijatoka. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Kama jina lingekuwa tayari, ungepanda ndege kufanya nini?

Ninajua kinachokutia hofu, maana kinanitia mimi pia. Anaweza kuchukia. Anaweza kusema nafasi ile ilitokana na ugunduzi, na kama hakuna ugunduzi basi aipe mtu mwingine. Hapa kwetu kurudi mikono mitupu ni aibu inayozidi msiba. Unawajua watu wazima wa mtaani humu ambao hawajaenda makwao kuzika wazazi wao kwa sababu hawakuwa na cha kubeba. Mimi nimelea aibu hiyo. Nimekulea ndani yake, na Jumatatu nikaikaza kamba yake shingoni mwako kwa kulitangaza jina lako. Basi nisikilize: wakikurudisha, rudi. Nitakuja uwanja wa ndege, na baba yako atakuja, na hakuna atakayekuuliza umeleta nini. Atakayeuliza, nitamjibu mimi. Hilo niachie, ni fani yangu.

Lakini na wewe usije ukaipenda sana hiyo sijui. Nimewaona wasomi wanaojificha ndani yake kama konokono, wanazeeka bila kusema kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukikanusha. Siku utakapojua, sema. Sema hata kama chumba kizima ni watu waliokuzidi umri na vyeo, hata kama Kiingereza chao kina lafudhi ya kukuogopesha. Usipunguze sauti ili upendwe. Mimi nimekosea mambo mengi lakini hilo sikulikosea, na ningependa ulichukue kutoka kwangu, ukiliwekea chini yake kile ambacho mimi sikuwa nacho, subira ya kuhesabu mara ya tatu.

Na jambo la mwisho, ambalo ni lako kulijua kabla hujatoka nyumbani. Kabla ya kuanza barua hii nilirekodi. Sikungoja Jumatatu. Nimewaambia watu wa magrupu yote kwamba nilisema mwanangu amemgundua nyigu, na kwamba si kweli. Mwanangu ameona jambo lenye kutiliwa shaka na anakwenda kulichunguza, na aliniambia hivyo mbele yao, nami nikamkatiza. Sikuweka mzaha ndani yake. Nadhani ni rekodi fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na majibu yalianza kuingia kabla sijaiweka simu chini. Wapo walionicheka, wanayo haki. Mmoja wa masheikh wangu wawili amenitumia kidole gumba, na sijui nimjibu nini. Mama Furaha ametuma sauti, kwa nyuma nasikia mashine ya kukaushia nywele: "Mama Misi, leo ndio umesema muzuri. Muambie mutoto aende atazame huyo mududu muzuri-muzuri. Sisi tuko hapa, hatuna haraka."

Basi nenda ukatazame, Mwanahamisi. Ukiona ndiye, niandikie ndiye, pamoja na sababu zako zote, hata zile nisizozielewa. Ukiona siye, niandikie siye. Nitaisoma barua yako mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile, na nitalitaja jina lako kamili pamoja na la babu yako.

Mama yako